Vipimo vya Marehemu

Guangzhou, 6 Machi 2006

Kwa Ndugu Fu Yaguang,
Kijiji cha Fanlei, Hainan

Ndugu yangu Yaguang,

Sijui kama utaukumbuka mwandiko wangu. Mimi ni Liang Zhaoqi, yule mtafiti mwembamba uliyempandisha mlimani mwaka 1987, ukambeba mgongoni kuvuka mto kwa sababu aliogopa ruba. Sasa nina mvi, figo zinanisumbua, na watu wananiita Profesa. Kupanda mlima ule tena sitaweza.

Nina ombi. Unavikumbuka vile viwanja vitatu tulivyovizungushia kamba, tukaipigilia miti vibati vyenye namba? Naandika kitabu juu ya msitu ule, na kabla hakijachapwa nataka vipimo vipya. Upime kila mti wenye kibati, mzingo wake kwenye kimo cha kifua kama nilivyokufundisha. Andika ipi imekufa, ipi michanga imeingia, na ni ya aina gani. Majina tumia yenu, mimi nitayatambua.

Usikisie, ndugu yangu. Niandikie unachokiona, hata kama hakitanipendeza.

Nisalimie nyumbani. Nakumbuka pombe yenu ya mpunga wa mlimani, na yule dada yako mdogo aliyekuwa akibeba kopo la rangi akitununia njia nzima.

Wako,
Liang Zhaoqi


Fanlei, 20 Machi 2006

Haiyan mwanangu,

Umekula? Kama hujala, kula kwanza ndipo usome.

Imekuja barua ya baba yako. Hujakosea kusoma. Mwaka wa kumi tangu tumzike, mtu wa posta kasimama mlangoni kwangu anauliza Fu Yaguang yuko wapi. Nikamwambia lete hapa. Nilipogeuza bahasha nikaona jina la aliyeiandika, nikaketi chini kwa hasira.

Ni Liang. Yule yule. Wewe ulikuwa na miaka minane, huenda hukuambiwa yote, basi nikwambie. Huyu ndiye aliyeandika kwenye ripoti yake kwamba mlima wa nyuma ya kijiji ni msitu wa asili ambao haujawahi kuguswa na panga. Haujaguswa! Babu yako alifyeka pale na kuchoma, akavuna mpunga miaka mitatu, kisha akaulaza mlima msitu urudi, kama tunavyofanya siku zote. Baba yako alisubiri zamu ya kulima pale ifike tena, akapanda na panga akate kipande kidogo, wakamfunga. Mahakamani walisoma ripoti ya Liang ukurasa kwa ukurasa. Wakamwita mharibifu wa msitu wa kale. Miaka minne. Akarudi na kifua kibovu, akakaa mwaka mmoja, akafa. Na jina lile halijafutwa, mpaka leo limeandikwa kwenye faili lake.

Sasa bwana mkubwa anataka vipimo vipya, aandike kitabu. Anadhani baba yako yupo anamsubiri na kamba mkononi!

Nitampa vipimo. Nitamjibu kwa jina la baba yako. Baba yako alikuwa akiandika kwa taabu, kila karatasi ya mwaka ule niliandika mimi, kwa hiyo hata mwandiko hatautilia shaka. Na nakala ya daftari ninayo. Nitaketi jikoni, nitanakili namba za zamani, nitaongeza kidole hapa na kidole pale, na kumwambia msitu wake mzee uko vile vile. Akichapa, nitawaita wanafunzi wa vyuo vyote na waandishi wa magazeti wapande waangalie. Maana kule juu hakuna kilichobaki kama alivyoandika. Ile miti-ngao yenye majani ya kukingia mvua imekufa karibu yote, gomekijani imekuja juu imeziba jua. Hata mtoto ataona ni msitu uliorudi. Nataka wamcheke mpaka akose pa kuweka uso.

Usiniambie nitulie. Nimetulia miaka kumi na minne.

Shangazi yako,
Aiqiong


Haikou, 1 Aprili 2006

Shikamoo Shangazi,

Nimekula kwanza, ndipo nikaisoma barua yako.

Shangazi, nakuomba, mpe vipimo vya kweli. Wewe mwenyewe unasema mtoto ataona ni msitu uliorudi. Basi mwache aone! Ukimpa ukweli akauficha, aibu ni yake. Ukimpa uongo, na wewe umo ndani. Nimeshika chaki mwaka wa tatu sasa, nakwambia mwanafunzi akishadanganya mara moja, hata akisema mvua inanyesha naangalia dirishani kwanza.

Najua utasema mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kugombeza watoto. Lakini yule alikuwa baba yangu pia.

Kuna jambo nalishughulikia huku. Sitaki kulisema bado, maana nikikwambia utapanda basi kesho yake uje kugombana na makarani. Nipe miezi michache.

Mwanao,
Haiyan


Fanlei, 2 Mei 2006

Mheshimiwa Profesa Liang,

Barua yako imefika. Nakukumbuka vizuri sana. Hapa kwetu jina lako halijasahaulika hata siku moja.

Viwanja vyote nimevipima, siku kumi na moja. Namba ziko kwenye karatasi hizi saba. Kiwanja cha kwanza kilikuwa na miti 312, sasa kina 309. Cha pili 287, sasa 290. Cha tatu 301, na leo ni hiyo hiyo. Miti-ngao iliyozeeka imekufa, lakini kila palipoangushwa mti na dhoruba imeota mingine michanga ya aina ile ile, hesabu haikusogea. Ulituambia zamani kwamba msitu mzee hauna haraka. Ulisema kweli. Huu hauna haraka kabisa.

Dada yangu bado ananuna.

Fu Yaguang


Guangzhou, 25 Mei 2006

Ndugu Yaguang,

Ahsante sana. Sikutegemea kazi safi namna hii, na mwandiko wako ni ule ule.

Nimekaa na karatasi zako wiki nzima. Naomba unisamehe, nitakuuliza tena. Una hakika miti-ngao michanga ni mingi hivyo? Na ile gomekijani, niliyoikuta mitatu tu, tena myembamba, haijaongezeka? Msitu uliokatwa ukarudi hubadilika upesi: miti ipendayo jua, kama miti-ngao, hufa, ile ya kivuli hushika nafasi, hesabu inapungua na mashina yananenepa. Msitu wa kale haufanyi hivyo. Ndiyo maana nauliza.

Kama una nguvu, nenda kiwanja cha tatu. Chimba mahali patano, kina cha kiganja au viwili. Uangalie kama kuna tabaka jeusi, au vipande vya mkaa. Uangalie pia kama kuna mti unaotoka na mashina mawili matatu kwenye kisiki kimoja, kama unaochipua baada ya kukatwa na panga.

Niambie kwa uwazi. Usiniogope.

Liang Zhaoqi


Fanlei, 10 Juni 2006

Haiyan,

Samaki kameza ndoana na sasa anauliza kama ina chumvi ya kutosha! Anataka nichimbe nimtafutie mkaa. Unaona ujanja wake? Anaogopa pasije pakawa na kitu cha kumuumbua, anataka karatasi ya baba yako ya kumkinga: hapana mkaa, hapana visiki, ndiyo bwana, asante bwana. Basi nitampa. Kadiri anavyojifunika na uongo ndivyo atakavyovuliwa nguo nyingi mbele za watu.

Nilichimba hata hivyo. Sijui kwa nini. Kiganja kimoja na nusu tu, tabaka jeusi likatokea, mkaa wa babu yako, ukiusugua unakuachia weusi vidoleni. Nikaketi pale pale nikalia. Pembeni ile mifenesi miwili imekuwa mikubwa, na mipopoo saba bado imesimama mstari mmoja. Ndege gani anapanda kwa mstari? Liang aliiona. Nilikuwepo. Alisimama akaitazama, kisha akaisogeza kamba hatua tatu ili iwe nje ya kiwanja. Nilimwona kwa macho yangu!

Sasa nikwambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mahakamani walisema Liang alipopima hakuona fundo hata moja la nyasi katika mlima mzima. Jaji aliuliza, kama ni pa kwao, fundo liko wapi? Kila mtu wa kwetu hufunga fundo kwenye mti wake, na mwenye akili halipiti. Yetu yalikuwepo, Haiyan. Arobaini na kitu. Siku moja kabla Liang hajaja, baba yako aliniambia nenda kayafungue yote, mgeni hapokewi kwa alama ya kumwambia usiguse. Ni adabu, nani asiyejua? Nikapanda nikayafungua moja moja kwa mikono yangu hii, nikaimba njia nzima maana nilikuwa na miaka kumi na sita na tulikuwa tunapata mgeni wa mjini. Na aliyefunguliwa mlango namna ile akaandika kwamba nyumba haina mwenyewe. Hakuuliza hata mara moja.

Ndiyo maana siwezi kutulia. Usinifundishe.

Aiqiong


Fanlei, 11 Juni 2006

Mheshimiwa Profesa,

Nimechimba mahali patano. Udongo ni mwekundu mpaka chini. Mkaa hakuna. Mti wenye mashina mawili sikuuona. Gomekijani ni ile ile mitatu.

Chapa kitabu chako.

Fu Yaguang


Haikou, 3 Septemba 2006

Shangazi,

Sasa nakwambia, maana mambo yamefika mahali huwezi tena kuyaharibu. Nilikuwa najipumbaza hivyo mpaka leo mchana.

Tangu Februari nimepeleka ombi kwenye ofisi inayopitia kesi za zamani. Nimeandika kwamba baba alikata shamba la babu lililolazwa, hakukata msitu wa kale, na nimeomba hukumu ifutwe na jina lake lisafishwe. Wamelipokea, Shangazi! Miezi saba nimekaa kwenye mabenchi yao mpaka mlinzi ananiita dada. Leo karani mmoja mama mwema akanivuta pembeni, akaniambia kesi yote inasimama juu ya swali moja: ule msitu ulikuwa wa kale au ulikuwa umerudi? Hawana fedha za kupeleka watu mlimani. Wameamua kumwuliza mtaalamu aliyeupima. Wamemwandikia barua mwezi uliopita.

Wamemwandikia Liang.

Niambie hukumtumia zile namba. Niambie ulikasirika tu, ukaandika, ukachanachana karatasi ukatia motoni. Nakujua una hasira lakini una moyo. Tafadhali jibu upesi. Nimepiga simu dukani mara tatu wanasema uko shambani.

Haiyan


Guangzhou, 20 Septemba 2006

Ndugu yangu Yaguang,

Barua hii ni ya mtu aliyepata usingizi baada ya muda mrefu. Nina deni la kukueleza.

Sikukuomba vipimo kwa ajili ya kitabu. Kitabu kilikuwa kisingizio. Mwaka jana mwanafunzi wangu alipita huko, dereva mmoja mjini akamsimulia kwamba mwenyeji wangu wa zamani alifungwa kwa sababu ya ripoti yangu. Sikuwa najua. Naapa sikujua. Tangu siku hiyo sikulala vizuri, maana kuna kitu nilikificha. Mwaka ule nilihitaji msitu wa kale ili nipate shahada. Nilipoiona mifenesi miwili na mipopoo nje ya mpangilio wa asili, niliisogeza kamba. Nikajiambia mwindaji alitema mbegu. Nikajiambia miti-ngao imeletwa na dhoruba. Lakini moyoni nilisikia sauti inaniambia: Zhaoqi, hili lilikuwa shamba la watu.

Nikaona njia moja tu ya kujua. Msitu uliorudi haufichi umri wake, miaka kumi na tisa ingetosha kuusema. Nikaamua, vipimo vyako vikionyesha mabadiliko, nitaandika wazi kwamba nilikosea na kwamba nilisogeza kamba, nitakuomba radhi mbele ya watu, na cheo changu kiende. Ukurasa wenyewe nilikuwa nimeshauandika. Sikuweza kukwambia ninachotafuta, nisije nikakusukuma useme ninachokitaka au usichokitaka.

Wewe ukachimba mahali patano hukuona mkaa. Kisha mwezi uliopita ofisi ya kesi za zamani ikaniandikia kuhusu ombi la binti yako: jina lako, namba ya kesi na swali moja tu. Nikaelewa kwamba punje moja tu ya mkaa ingekuokoa. Na bado hukuisema! Mtu mwingine angedanganya. Wewe uliniandikia ukweli uliokuumiza. Sijawahi kukutana na uaminifu wa namna hiyo katika maisha yangu yote, hata miongoni mwa wasomi.

Ilibidi nami niwe mwaminifu. Nimewajibu kwamba kwa mujibu wa vipimo vipya msitu ni wa kale na ripoti yangu haikukosea. Ule ukurasa nimeuchana. Naumia kwa ajili ya binti yako, lakini angalau sasa najua kwamba sikukudhulumu, na najua kwamba wewe unajua hivyo.

Ndugu yako,
Liang Zhaoqi


Fanlei, 2 Oktoba 2006

Profesa Liang,

Mimi si Yaguang. Mimi ni dada yake, Fu Aiqiong, aliyebeba kopo la rangi. Kaka yangu alikufa tarehe tisa Novemba 1996, kwa kifua alichokipata gerezani. Barua zote ulizopokea mwaka huu niliziandika mimi nikiwa nimeketi jikoni kwangu, na vipimo vyote ni uongo. Nilinakili daftari la zamani. Nilitaka uchapishe ujinga, kisha niite watu waje wakucheke.

Jana Haiyan amepewa jibu. Ombi limekataliwa kwa maoni ya mtaalamu. Ana siku thelathini za kupinga, baada ya hapo faili linafungwa kabisa na halifunguliwi tena. Alinisomea jibu hilo kwa simu dukani, watu wamejaa wananunua chumvi. Hakunigombeza. Alisoma mpaka mwisho, akasema, haya Shangazi, akakata simu. Afadhali angenitukana.

Kabla ya jibu hilo nilikuwa nimepanda mlimani siku sita, kaka yangu hayupo, na mume wangu ndiye aliyeshika kamba. Hivi ndivyo vipimo vya kweli. Kiwanja cha kwanza, miti 171. Cha pili 158. Cha tatu 149. Miti-ngao iliyobaki hai katika viwanja vyote ni minne, na yote imeoza ndani. Gomekijani ni arobaini na moja, mmoja siwezi kuuzungushia mikono. Henzirani, ile mitambaazi ya kusukia vikapu, zimeshuka mpaka chini, na chini ya kivuli imeota michanga ya aina ambazo hukuziandika, nimehesabu kumi na tisa. Visiki vilivyochipua mashina mawili au matatu ni ishirini na sita, kwenye vingine alama ya panga bado inaonekana. Mkaa uko mahali pote patano, kiganja kimoja na nusu chini. Nimeufunga kwenye karatasi, umo ndani ya bahasha hii. Mifenesi iko pale ulipoiacha, hatua tatu nje ya kamba yako.

Najua utakachouliza. Mkono ulioandika vile ndio ulioandika hivi, kwa nini uamini vya pili? Na mkaa mtu anaweza kuuokota jikoni. Nimekesha na swali hilo. Haiyan alinionya mapema sana, nikamwambia asinifundishe.

Usidhani nimekusamehe. Ulisogeza kamba, na hatua zako tatu zilimpeleka kaka yangu gerezani. Nilikuchukia jana, nakuchukia leo, na ungekuwa hapa ningekuambia usoni. Lakini ulikuwa umeandika ukurasa wa kumsafisha, ulikuwa mezani kwako, na mimi ndiye niliyekufanya uuchane. Umemsifu kaka yangu kwa uaminifu ambao ni uongo wangu. Wewe ulimfunga mara ya kwanza, mara ya pili nimemfunga mimi, naye kaburini hawezi hata kuniuliza kwa nini.

Mtume yeyote unayemwamini apande aone. Njoo wewe mwenyewe, nitakubeba mgongoni kama alivyokubeba yeye. Na kama hakuna atakayekuja kabla ya siku thelathini, basi uandike ule ukurasa upya kwa neno langu tu.

Sikuwahi kufikiri kwamba katika watu wote wa dunia hii ni wewe nitakayekuomba. Niamini, Profesa. Nimepiga magoti. Niamini.

Fu Aiqiong